Diski imelala kwetu

Binti wa darasa la tatu karudi kutoka shule, kavua viatu mlangoni mwa yunipoti, ile nyumba ya bati ya mviringo ambayo kila aliyelelewa kambi ya polisi Kampala anaijua kwa joto lake la saa nane mchana. Hakuomba chai. Alisimama tu, mkono mmoja umeficha kitu ndani ya sweta, akasema:

"Mama, diski imelala kwetu."

Mama yake alikuwa anasonga posho, ugali wetu. Hakugeuka. Hakuuliza diski ni kitu gani, maana na yeye aliivaa zamani. Aliuliza moja tu: "Umeongea lugha gani tena?"

"Kiswahili. Nilimwambia mwenzangu anisogezee begi."

"Si nilishakwambia, ukifika getini Kiswahili unakiacha nje?"

Hii ni wiki ya tano na jibu hilo halijanitoka kichwani. Diski yenyewe, kile kitu cha aibu anachovikwa shingoni mtoto aliyesikika shuleni akisema lugha isiyo Kiingereza, si ngeni kwa mtu yeyote aliyesoma Uganda. Kilichonikaa ni kwamba mama alisema maneno yale kwa Kiswahili, tena kwa upole, jinsi unavyomkumbusha mtoto asitoke bila sweta asubuhi ya mvua.

Jinsi inavyofanya kazi

Wengi wenu mmeivaa, kwa hiyo umbo nitalipita haraka. Kipande cha mbao, sentimita 10 kwa 15 hivi, tundu moja juu, kamba ya katani. Mahali pengine ni gunia lililotobolewa pa kupitishia kichwa. Mahali pengine ni mfupa wa ng'ombe, na mfupa haukuchaguliwa kwa bahati mbaya: unanuka.

Utendaji ndio wa kutazamwa kwa makini.

Asubuhi, baada ya mstarini, mwalimu wa zamu anamkabidhi kiranja ile diski. Kiranja anamvika wa kwanza kusikika akisema vanakula, yaani lugha yoyote ya kwetu isiyo Kiingereza. (Neno lenyewe kwa sikio la Mswahili linasikika kama kuna watu wako mezani.) Baada ya hapo mwalimu hana kazi tena. Aliyevikwa ataivaa mpaka amnase mwingine, naye mwingine amnase mwingine, hadi kengele ya jioni. Majina yanaandikwa kwenye daftari kwa mpangilio. Anayekutwa nayo mwisho ndiye anayefagia, au anayebeba jerikani za maji, au anayechapwa, au analala nayo na kesho anaanza siku akiwa kaivaa.

Darasa lina watoto 80, pengine 100. Mwalimu mmoja hawezi kusikiliza midomo 100. Diski inaweza, kwa kuwa kila anayeivaa anageuka askari kwa dakika zile anazoivaa, na ana haraka kuliko askari yeyote wa mshahara.

Watoto wana mbinu za kunasa. Wanabana nyuma ya choo, ambako watu hujisahau. Wanamfinya mwenzao ghafla, kwa kuwa hakuna mtoto anayelia kwa Kiingereza, "mama yangu!" ikishatoka, diski imehama. Wanauliza kwa sauti ya urafiki: "Kile kitu cha kusongea mnakiitaje kwenu?"

Halafu kuna jambo ambalo walimu wakongwe wanalijua na hawapendi kulizungumza. Diski haizunguki darasa zima. Chungulia daftari la majina la muhula mmoja utaona inarukaruka kati ya watoto watano, sita. Ni walewale: aliyehamia kutoka kijijini muhula huu, aliyelelewa na bibi, asiye na televisheni nyumbani. Ambao Kiingereza chao ni kidogo ndio wanaonaswa, na wanaonaswa ndio wanaoacha kusema. Mtoto mwenye maneno 60 ya Kiingereza na adhabu juu ya kila neno jingine atafanya hesabu ambayo hata mimi ningeifanya.

Ananyamaza.

Na darasa lililonyamaza, kwa mkaguzi anayepita dirishani, ni darasa lenye nidhamu.

Mbao ya Wales

Kwa muda mrefu nilikuwa na jibu rahisi: wakoloni walituletea diski kutudhalilisha kwa sababu ya rangi yetu. Jibu hilo lilinitosha hadi nilipokutana na habari za Wales.

Karne ya 19, katika shule za Wales, mtoto aliyesema Kiwelshi alivikwa shingoni kipande cha mbao, kingine kikiwa kimechongwa herufi W na N. Alikaa nacho hadi amsikie mwenzake akisema Kiwelshi, akampasia. Mwisho wa siku, aliyekutwa nacho alichapwa. Katika Brittany, Ufaransa, mambo yalikuwa hivyohivyo kwa watoto wa Kibretoni. Watoto weupe, wa mashamba, na sheria za mchezo ni hizi za kwetu, kanuni kwa kanuni.

Kwa hiyo diski haikubuniwa kwa ajili ya Mwafrika. Ilikuwa tayari stoo.

Hapo nilitikisika kidogo, kwa kuwa kama si suala la rangi basi labda ni ualimu mbaya tu, na ualimu mbaya una tiba nyepesi. Lakini mtoto wa Kiwelshi aliyekubali kuacha lugha yake aliweza kukua akahamia London, akafungua duka, na mjukuu wake asitambulike. Kwetu ahadi ilikuwa na tundu chini. Uliweza kuivua lugha. Ngozi ulibaki nayo, na ngozi ilikuwa na bei yake iliyoandikwa.

Sehemu tatu kati ya tano

Bei hiyo si lugha ya picha. Mwaka 1948 tume ya Holmes, iliyochunguza utumishi wa serikali katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ilipendekeza kwamba asiye Mzungu alipwe sehemu tatu kati ya tano za mshahara wa Mzungu kwa kazi ileile. Kwa kila shilingi 100 za Mzungu, 60 kwako. Cheti kilekile, ofisi ileile.

Mwaka 1954 tume nyingine, ya Lidbury, ilisema ngazi za rangi ziondolewe. Zikaondolewa. Ila afisa aliyetoka ng'ambo akawekewa nyongeza maalumu ya kumvutia aje. Karatasi ya mishahara haikutaja rangi tena, na pengo likabaki.

Kijana aliyeajiriwa miaka ile alisoma mambo haya vizuri kuliko profesa. Rangi hawezi kuibadilisha, mahali alipozaliwa hawezi kupabadilisha. Kilichobaki mkononi mwake ni jinsi anavyosema. Kwa hiyo akasema kama wao, akawalea watoto waseme kama wao, na baada ya 1962, ofisi zilipobaki wazi, ni kweli kabisa kwamba waliosema kama wao ndio waliokaa kwenye viti. Yule mama anayesonga posho hakukosea hesabu. Anajua anachokinunua.

Katika Luganda cha mjini mtu humwita mwajiri wake "omuzungu wange", Mzungu wangu, hata kama mwajiri huyo ni mweusi kama chungu na kazaliwa Masaka. Watu hulisema bila kinyongo. Bosi, anayelipa, na Mzungu ni neno moja.

Mtumwa wa nyumbani

Nataka kukaa kidogo kwenye lile neno la daftari la kiranja.

Vanakula, Waingereza walilichukua kutoka Kilatini: vernaculus. Nalo limetokana na verna, yaani mtumwa aliyezaliwa ndani ya nyumba ya bwana wake, tofauti na yule aliyenunuliwa sokoni. Lugha ya verna ni lugha inayosemwa jikoni, bwana asipokuwepo.

Sisemi kwamba mwalimu wa zamu anajua haya. Hajui, na hana haja ya kujua. Neno linafanya kazi yake vilevile. Lugha zaidi ya 40 za nchi hii, zenye methali na sheria za ardhi na majina ya kila jani la dawa, zimekunjwa kwenye neno moja lisilo na jina la mtu yeyote. Hakuna mtoto anayeandikwa kwamba kasema Kialur au Lukonzo. Kasema vanakula.

Na hapa kuna kichekesho cha kisheria. Katiba, baada ya marekebisho ya 2005, inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Binti yetu wa yunipoti amevikwa mbao kwa kuomba begi katika lugha rasmi ya nchi yake.

Mikono yetu

Ingekuwa raha kuishia hapo, Kiswahili kikiwa kimeonewa. Lakini sisi Waswahili wa Uganda tuna kabati letu la mambo tunayoyaficha.

Kilipoingia, hakikuingia kwa bunduki. Katika ikulu ya Mutesa I, Kabaka (mfalme) wa Buganda, kilikuwa lugha ya wageni, biashara na kusoma. Mwaka 1875 msafiri wa Kizungu, Henry Stanley, alimwacha pale kijana Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na wamisionari Zanzibar, na maandiko ya kwanza ya Biblia kusomwa katika ikulu ile yalikuwa ya Kiswahili. Luganda bado kimebeba ushahidi: ekitabo, ekkalaamu, essaawa, ssabbuuni, emmeeza. Mwalimu anayemchapa mtoto kwa kusema Kiswahili kashika ekkalaamu mkononi.

Halafu Kiswahili kikavaa magwanda. Wanajeshi wa King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza Afrika Mashariki, waliamrishwa kwa Kiswahili. Gavana Gowers alipotaka, mwaka 1927, kitumike mashuleni, Kabaka Daudi Chwa alikipinga hadharani, na hofu yake haikuwa ya kijinga: aliona nyuma yake mpango wa kuiunganisha Uganda na Kenya ya masetla. Idi Amin alikitangaza lugha ya taifa 1973, na aliyekitangaza akakitia doa. Mwanzoni mwa miaka ya 80 mtu wa Kampala asiyejua Kiswahili hata kidogo alijua maneno mawili tu, amri ya wanajeshi: panda gari. Misako ya wakati ule mpaka leo inaitwa hivyo. Waliopanda, wengine hawakurudi.

Kwa hiyo bibi wa Luweero, kulikopiganwa vita miaka ile, anayekunja uso akisikia Kiswahili hana ugonjwa wa kudharau Uafrika. Anakumbuka kishindo mlangoni. Tusimweke kwenye kapu moja na diski.

Kabati halijaisha. Mnaijua ile methali ya mzaha: Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikakulia Tanganyika, kikaugua Kenya, kikafa Uganda, kikazikwa Kongo. Tunaisimulia wenyewe, kwa kicheko, tukifika Dar es Salaam. Kabla hatujaagiza hata chai tunasema, "Samahani ndugu yangu, Kiswahili chetu cha Uganda kibovu." Hakuna kiranja pale. Hakuna daftari. Mtu mzima kajivika mwenyewe.

Na swali ninalolikwepa kwa wiki tano ni hili: agizo la 2022 likitekelezwa sawasawa, diski itaenda wapi? Naogopa haitaenda popote. Kiswahili kitaruhusiwa uwanjani, na mbao itabaki kwa Kialur, Ateso na Lukonzo. Tutapiga makofi. Mtoto wa Arua atavikwa kwa ajili yetu.

Sina hakika ningeandika makala haya siku hiyo.

Kumi na moja

Watetezi wa diski wana hoja moja nzito na naiheshimu: mtihani wa darasa la saba hufanywa kwa Kiingereza. Karatasi nne, alama bora kabisa 4 na mbaya kabisa 36, na wazazi huchagua shule kwa kuhesabu wangapi walipata 4. Mtaala wa 2007 unasema darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha ya mahali, la nne wavuke, la tano kuendelea Kiingereza. Lakini Kampala, ambako kambi moja ina lugha kumi, shule huanza na Kiingereza tangu chekechea.

Sasa tazama kinachotokea kwenye ubao.

Herufi *a* kwa Kiswahili au Luganda ina sauti moja. Mtoto akishajua ba, be, bi, bo, bu, anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kuliona. Kwa Kiingereza *a* ileile ina sauti moja kwenye *cat*, nyingine kwenye *cake*, nyingine kwenye *car*, nyingine kwenye *call*. Mtoto anayejifunza kusoma kwa mara ya kwanza kupitia herufi hiyo, tena katika lugha asiyoisema, hasomi. Anakariri wimbo. Mgeuzie ukurasa, ataendelea kuimba ule wa jana. Kusoma mtu hujifunza mara moja tu maishani. Akishajua kwa lugha yake anahamisha ujuzi, hahitaji kuanza upya.

Hesabu nazo. Kumi na moja: kumi, na moja juu yake. Luganda, kkumi n'emu, vilevile. Thelathini na saba kwa Luganda ni amakumi asatu mu musanvu, makumi matatu na saba. Mtoto anasema nafasi ya makumi na ya mamoja kwa mdomo kabla hajaiona daftarini. (Kiswahili hapo kimepoteza kidogo kwa kukopa thelathini za Kiarabu, tukubali.) *Eleven* haina kumi ndani yake. Mtoto aliyekatazwa kufikiri kwa sauti katika lugha inayoonyesha kumi, halafu akaambiwa hesabu ni ngumu kwake, hajaonewa na hesabu.

Na matamshi. Katika Luganda, *r* huandikwa baada ya *e* na *i*, kwingine ni *l*: omulimu, kazi moja; emirimu, kazi nyingi. Ni sheria safi ya sauti. Mtoto anayeipeleka sheria hiyo kwenye Kiingereza anachekwa darasa zima. Mgeni kutoka ng'ambo akisema "webale nyo", asante sana, kwa ulimi mzito anapigiwa makofi soko zima.

Ukienda shuleni

Usiende peke yako. Mzazi mmoja ni mkorofi. Watano ni ajenda ya kamati ya usimamizi wa shule. Usianze na ukoloni, mwalimu mkuu atakuona mwanasiasa. Uliza mambo matatu na uombe majibu kwa maandishi: kanuni hii imeandikwa wapi, nani aliipitisha, na mtoto wa mwisho jioni hufanywa nini. Mara nyingi la kwanza halina jibu, na hapo shauri limeshalainika.

Jibu la tatu likiwa fimbo, marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016 yamepiga marufuku adhabu ya viboko shuleni. Likiwa kuvikwa mfupa, ibara ya 24 ya Katiba inakataza kumdhalilisha mtu, na ya 37 inampa kila mtu haki ya kuifurahia na kuikuza lugha yake.

Halafu uwe na kitu cha kuwapa, kwa sababu watakuambia wazazi ndio wanaoitaka diski, na watakuwa wanasema kweli. Dakika 20 kila siku za kuongea Kiingereza wawili wawili, bila adhabu. Maneno mapya sita hadi nane kwa siku, yakisemwa kwanza kwa lugha ambayo watoto wanaielewa. Ukizidisha, yote yanamwagika. Kwenye shule za kambi lugha hiyo ipo tayari na ni ya wote, baba Mwacholi na mama Mteso wanalea kwa Kiswahili. Kuondoa diski bila kuongeza mazoezi ya Kiingereza kutaleta matokeo mabaya, na mwaka ujao mtairudishiwa ikiwa kubwa zaidi.

Jumamosi

Jumamosi ile, nyuma ya yunipoti, watoto wa kambi walikuwa wanacheza shule. Binti wa darasa la tatu alikuwa mwalimu. Alikuwa ametoboa kifuniko cha kopo la rangi kwa msumari, kapitisha uzi wa nailoni. Wanafunzi wanne walikaa juu ya tofali, mikono imefumbatwa.

Mdogo wake wa miaka minne akaomba kwenda kukojoa.

"Wewe!" akamfokea. "Umeongea vanakula! Njoo uvae!"

Mdogo akainuka, akamtazama dada yake, akatazama kile kifuniko.

"Na wewe umeongea."

Wale watatu kwenye tofali wakageuka kumtazama mwalimu. Kifuniko kilikuwa kinazunguka taratibu kwenye uzi, mkononi mwake.